Jinsi Stesheni Wagoni Ilivyoshushwa Cheo

Ukiingia kwenye bondi, yaani viwanja vya kuuzia magari yanayotoka Japani, upande wa Nakawa mjini Kampala, utaona magari yamepangwa kwa cheo. Karibu na lango zimekaa Harrier, RAV4 na Prado, zimeoshwa mpaka unajiona usoni kwenye mlango. Nyuma yake ziko Noah, Wish na Sienta. Stesheni wagoni, yale magari ya chini ambayo paa lake linanyooka mpaka nyuma, utazikuta mwisho wa uwanja, zimeegeshwa kando ya ukuta: Fielder mbili tatu, Probox zenye majina ya kampuni za Japani ubavuni, na pengine Subaru Legacy moja ambayo vijana wanaizunguka wakiinama kuchungulia ekzosi. Ukifika hapo na mke na watoto, muuzaji atakuja mbio kukutoa.

"Mzee, hiyo ni gari ya kazi. Njoo nikuoneshe gari ya familia."

Maneno hayo yangemchekesha mtu aliyekuwa akitafuta gari Kampala mwishoni mwa miaka ya tisini. Wakati huo gari la familia ndilo hilohilo. Mwalimu mkuu, muuguzi mkuu, mwenye duka la jumla, afande aliyepata pesa kidogo, wote walitamani Caldina, Sprinter Carib au Corolla ya stesheni, yaani ndugu mwenye mkia mrefu wa ile saluni tuliyoiita Kikumi. Saluni ilikuwa ya mtu wa ofisini ambaye hajaoa, au ya mzee ambaye watoto wameshaondoka nyumbani. Mwenye nyumba iliyojaa alinunua gari lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Siamini kwamba stesheni wagoni ilishindwa kazi. Ilishushwa cheo, na waliomshusha mwenzetu huyu ni wawili: familia za Japani tusizozijua, na gari moja jeupe linaloitwa Probox. Wateja wa Uganda tulifika kwenye shauri hilo hukumu imeshatolewa.

Kabla ya Wajapani kulikuwa na Peugeot, na wazee hawakubali mazungumzo haya yaendelee bila kuitaja. Peugeot 504 ya stesheni ilitoka mwaka 1971. Watengenezaji hawakuchukua saluni wakaibandikia kibanda nyuma. Waliongeza nafasi kati ya tairi za mbele na za nyuma kwa sentimita 16 hivi, wakaweka springi mbili kila upande wa nyuma badala ya moja, ili gari likijaa lisikalie mkia. Ile yenye viti vya safu tatu ilibeba ukoo mzima na kuku wao, na ndiyo maana katika Afrika Mashariki yote iligeuka kuwa teksi ya safari ndefu. Gari lililobuniwa Ufaransa likawa basi la Waafrika. Na bado halikupoteza heshima, kwa sababu tajiri naye alikuwa nalo.

Sasa tazama kazi yenyewe, maana watu wanaosifu gari kwa maneno ya jumla hawajawahi kupeleka mtoto bweni. Siku ya kufungua shule, orodha ya mahitaji ya mtoto mmoja ina sanduku la bati, godoro, jerikeni, beseni, fagio mbili, jembe au fyekeo, rimu za karatasi, furushi la karatasi za chooni, na sukari na mkate wa kumtuliza wiki ya kwanza. Watoto wakiwa wawili, zidisha mara mbili. Kwenye Caldina au Fielder unalaza sehemu moja ya kiti cha nyuma, ile ndogo. Sanduku linaingia kwa kuteleza, kwa sababu ukingo wa buti uko chini, karibu usawa wa magoti, na sakafu ni bapa. Sanduku la pili linakaa kando ya la kwanza. Magodoro yaliyokunjwa yanapanda juu, yanafika karibu na paa, na fagio zinapenya katikati hadi zinamgusa bega anayekaa mbele. Mtoto mmoja anabaki nyuma kwenye nafasi iliyosalia, mwingine anakaa kwenye mapaja ya mama, kinyume cha sheria lakini ndivyo ilivyo, na gari linaondoka.

Jaribu mzigo huohuo kwenye Harrier ile wanayoiita Kawundo. Sakafu ya buti iko juu, kwa hiyo sanduku la bati lazima linyanyuliwe na watu wawili. Kioo cha nyuma kimelala kwa mshazari ili gari lipendeze, na mshazari huo unakula nafasi ambayo godoro lilikuwa likae. Gari ni kubwa ukilitazama kutoka nje. Ndani, kwa upande wa mizigo, halikupi chochote ambacho Fielder haikupi. Wish nayo ina viti saba, ni kweli, lakini watu saba wakikaa, buti linabaki la kuweka mikate. Noah peke yake ndiyo inayoishinda stesheni wagoni kwa ukubwa, na inalipisha ushindi huo kila siku kwa mafuta, na kila upepo unapovuma kwenye tambarare baada ya Karuma, njia ya kaskazini, utaliona gari linavyotaka kubadilisha mstari lenyewe.

Basi ikiwa ilikuwa nzuri hivyo, ilipotelea wapi?

Turudi Japani. Barabara zetu zinakwenda mkono wa kushoto kama zao, na magari yao yaliyotumika ndiyo yanayojaza miji yetu. Maana yake ni kwamba gari unalolikuta Nakawa leo lilichaguliwa na familia ya Nagoya au Osaka miaka kumi na zaidi iliyopita, kwa sababu zao wenyewe. Subaru ilipotoa Legacy mwaka 1989, Wajapani waliipenda mno ile ya stesheni, na kila kampuni ikakimbilia kutengeneza ya kwake. Sisi tulivuna mavuno ya wazimu huo miaka ya tisini na elfu mbili. Lakini mwaka 1994 zilitoka Honda Odyssey yenye viti vya safu tatu na Toyota RAV4. Ipsum ikafuata 1996, Harrier 1997, Wish 2003. Familia za Japani zikahama moja moja. Wamarekani walikuwa wameshahama tangu Chrysler ilipoleta gari lake la familia lenye mlango wa kuteleza mwishoni mwa 1983. Wakati huo Uganda hatukuwa tukichagua sana. Tulikuwa tukitafuta gari linalowaka.

Viwanda vikafunga milango kimya kimya. Caldina iliisha mwaka 2007. Mark II Blit, stesheni nzuri kuliko zote zilizowahi kufika Kampala kwa maoni yangu, nayo 2007. Crown Estate, mwaka huohuo. Legacy ya stesheni ikaachwa Japani 2014, Wingroad ya Nissan 2018.

Sasa chukua kalamu. Mwaka 2018 Bunge letu lilirekebisha sheria ya usalama barabarani na kupiga marufuku kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Caldina ya mwisho kabisa, ya 2007, ilifikisha miaka 15 mwaka 2022. Tangu hapo haiwezekani kuingiza Caldina Uganda, hata uwe na pesa za kumwaga. Blit na Crown Estate ni vivyo hivyo. Legacy ya stesheni ya mwisho nayo itafungiwa mwaka 2029. Mtu anayesema Waganda wameichoka stesheni wagoni aangalie kwanza kama kuna ya kununua. Shemeji yangu Arua, mstaafu wa jeshi, anayo Caldina ambayo vijana wa mtaa humuuliza kila Krismasi kwa nini habadilishi. Jibu lake ni fupi, la kijeshi: "Nibadilishe na nini?" Amezunguka bondi, akapima, akarudi nyumbani, akaagiza shokapu mpya kutoka Kisekka, soko la spea la Kampala.

Sheria yenyewe siipingi. Moshi wa Kampala asubuhi unatosha kuitetea. Ila ina upande mmoja ambao wachumi wetu hawausemi: ushuru wa mazingira unahesabu umri wa gari, haujali uzito wake wala ukubwa wa injini. Gari kubwa la juzi lenye injini ya lita 3 linapita bila kuguswa na ushuru huo, na Fielder ya lita 1.5 iliyozeeka kidogo inalipa. Mazingira gani hayo, sijui.

Nakuja kwa Probox, na hapa naomba wenye Probox wasikasirike, kwa sababu gari hilo nalihusudu. Lilitoka mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Lilikusudiwa kwa mafundi umeme, wauzaji wa vipodozi, watu wa kampuni wanaopeleka sampuli. Ukikaa kiti chake cha nyuma utashangaa kwamba ni chembamba na kimenyooka kama benchi la zahanati. Si ubahili wa kawaida. Kanuni za Japani zinataka gari lililosajiliwa kuwa la mizigo liwe na sehemu ya mizigo kubwa kuliko sehemu ya abiria wa nyuma, kwa hiyo kiti kinasukumwa mbele na kukondeshwa. Anayemnunulia mkewe Probox akidhani ni Fielder ya bei nafuu ataligundua hilo kabla hajafika Lugazi.

Kuvuka mpaka Kenya, Probox ikawa farasi wa miraa, ikikimbia usiku kutoka Meru na magunia hadi kwenye paa. Huku kwetu, nje ya miji mikubwa, yenyewe pamoja na Corolla na Premio chakavu zikawa teksi za kijijini. Umeziona: abiria wanne nyuma au watano, wawili mbele, mmoja ameketi kwenye kiti cha dereva na dereva amejibana mlangoni, mkono mmoja nje, anaendesha kwa nyonga. Kwenye buti, mikungu ya matoke, na juu ya matoke mtu mwingine. Gari linafanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka. Lakini picha imebaki. Umbo lile, paa lililonyooka mpaka nyuma na kioo wima, likaanza kumaanisha jasho la mtu mwingine. Mtu wa Kampala aliyepandishwa mshahara hataki umbo hilo langoni kwake, hata kama ndani kuna kiti kizuri na redio.

Nenda kwenye kwanjula yoyote, sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, Jumamosi uone hesabu inavyofanywa. Msafara wa bwana harusi unapangwa kama gwaride: Land Cruiser mbele, Harrier na Prado katikati, Noah za wazee na kina mama waliovaa gomesi, na mwisho kabisa, nyuma ya kona, gari lililobeba zawadi zenyewe: vikapu, kreti za soda, mkungu mkubwa wa ndizi, sukari, nyama. Gari hilo mara nyingi ni stesheni wagoni. Limebeba mahari yote, halipigwi picha hata moja.

Watetezi wa gari la juu wana jibu moja ambalo ni zito: barabara. Mashimo ya Kampala hayahitaji shahidi, na matuta ya barabara kuu mengine yamejengwa kama makaburi. Fielder tupu ina nafasi ya sentimita 15 hivi kati ya tumbo na lami. Pakia watu watano na magunia mawili ya mihogo mkitoka kijijini, springi zinakaa, na ekzosi inaanza kulima. Nimeisikia sauti hiyo vya kutosha, na siwezi kumwambia mtu anayeishi kilomita 20 nje ya lami, kwenye njia ya murram inayogeuka utelezi mwezi wa nne, kwamba anunue Fielder. Huyo anahitaji kimo.

Lakini ni wangapi wanaoishi huko? Wengi wanaonunua Harrier wanatoka vitongoji vya Kampala: Najjera, Kira, Entebbe Road. Kipande chao kibaya ni mita mia tatu za mwisho kabla ya geti, na kwa ajili ya mita mia tatu hizo wanaendesha tani 1.6 zenye injini ya lita 2.4 kila siku kwenye foleni ya Jinja Road, mahali ambapo Fielder ingetosha kwa tani 1.1 na injini ya lita 1.5. Petroli ilipopita shilingi 6,000 kwa lita mwaka 2022, hesabu hiyo iliumiza watu waziwazi. Baadhi waliacha magari nyumbani wakapanda boda. Tairi nazo ni pana na za bei, na shokapu za gari zito zinakufa haraka kwenye mashimo yaleyale waliyoyakimbia. Kwenye kona za kasi, gari refu kwenda juu linayumba kuliko lililolala chini. Fundi yeyote wa Kisekka anajua haya. Hasemi, kwa sababu gari zito ndilo linalomlisha.

Cha kuchekesha ni kwamba wengi waliokataa stesheni wagoni wanaiendesha bila kujua. Subaru Forester ya kwanza, ya 1997, ilijengwa juu ya msingi wa Impreza, ikapandishwa juu na kupewa paa refu. Outback ni Legacy ya stesheni iliyonyanyuliwa mpaka sentimita 20 hivi kutoka ardhini na kuvishwa plastiki nyeusi pembeni. Ukimwambia kijana mwenye Forester, yule anayekwenda kushangilia mashindano ya magari ya Pearl of Africa Rally na kofia ya bluu, kwamba anaendesha gari la baba yake lililovaa viatu virefu, mtagombana. Toyota yenyewe imeujua mchezo huu: jina la Crown Estate limerudi mwaka 2025, likabandikwa kwenye gari la juu. Umbo la zamani haliuziki, jina bado linauza.

Ulaya wamechelewa kufika tulikofika, na wanasuasua. Volvo, watu waliojenga sifa yao kwa stesheni wagoni, waliacha kuziuza Uingereza mwaka 2023, kisha mwaka uliofuata wakazirudisha baada ya kuona wateja bado wanaziulizia. Volkswagen nayo ilipotoa Passat mpya 2023 iliiua saluni na kubakiza stesheni peke yake kwa soko la Ulaya. Mjerumani anayeendesha kilomita 160 kwa saa na mbwa, mke na baiskeli nyuma hajashawishika kwamba kimo ni heshima. Ila Passat hizo hazitatufaa sana. Nyingi zina usukani kushoto, na spea zake si za Kisekka.

Kwa hiyo kwa mnunuzi wa Uganda mjadala unabaki kwenye gari moja: Fielder, hasa ile iliyoanza 2012. Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 2025, kwa hiyo zitaendelea kuja kwa miaka mingi kabla sheria ya miaka 15 haijazifungia zote. Ninayoipendekeza ni ya haibridi, inayotumia petroli na umeme, ambayo ilianza 2013, kwa anayeishi kwenye foleni. Kwa anayesafiri Arua au Kabale mara kwa mara, ile ya petroli tupu inatosha na ina mambo machache ya kuharibika. Usidanganyike na rangi wala na redio ya Kijapani isiyoshika stesheni zetu. Laza viti vyote na utazame kama vinafika bapa. Ingia chini uone kama ekzosi imekwaruzwa, ujue kama gari lilishaanza kuzungushwa hapa kabla hujauziwa kama jipya kutoka melini. Kama ni haibridi, betri yake imekaa chini ya kiti cha nyuma na inavuta hewa kupitia tundu lililo kando ya kiti hicho. Familia zenye watoto huliziba tundu hilo kwa mifuko, mablanketi na makombo ya chapati, betri inapata joto, na mwenye gari anaanza kuwalaani Wajapani. Liulize lilipo kabla hujalipa, na mkifika nyumbani waambie watoto wasiliwekee kitu.